Karani na Wajumbe Wake: Ushairi, Ofisi na Riwaya ya Kwanza ya Shaaban Robert

Utangulizi

Katika fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20 ni vigumu kumpata mwandishi aliyesifiwa kuliko Shaaban Robert. Ni vigumu vilevile kumpata mwandishi ambaye sifa zenyewe zimekuwa pazia la kuzifunika kazi zake. Wapo wasomi wanaomtaja kwa heshima ya bingwa na mwalimu, na ambao hudondoa maadili yake kama mtu adondoavyo methali. Wapo pia wahakiki wanaoshikilia kuwa riwaya zake hazijatimia kuwa riwaya: wahusika wake ni bapa, majina yao yanatangaza tabia zao kabla hawajatenda lolote, msuko unajirudiarudia, na mawaidha yamelemea masimulizi. Kundi la kwanza humtazama mshairi mwadilifu na kusahau kuuliza amesukaje hadithi. La pili humpima mtunzi wa hadithi kwa kanuni za riwaya ya kihalisia na kusahau kwamba mtunzi huyo alikuwa mshairi kwa miaka mingi kabla ya kuandika nathari ya kubuni.

Makala haya yanadai kuwa makundi yote mawili yamemwacha nje mtu wa tatu, yaani karani. Tangu 1926 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Vitabu vyake vya mwanzo, kikiwemo Kusadikika (1951), riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, vilitungwa katika saa zilizobaki baada ya kazi ya mshahara. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba sura ya Kusadikika, pamoja na yale yanayohesabiwa kuwa madhaifu yake, inaeleweka vizuri zaidi iwapo itasomwa kama zao la kazi mbili zilizomfinyanga mwandishi: kazi ya ubeti na kazi ya ofisi. Hoja hii haikusudii kumtetea mwandishi katika kila jambo. Itadhihirika kwamba ukarani ulioipa riwaya hii nguvu yake ndio pia ulioiwekea mpaka.

Miaka ya Utumishi

Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akasoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926. Mara baada ya masomo aliingia katika Idara ya Forodha, akaitumikia kwa miaka 18 katika vituo vya pwani kama vile Pangani. Mwaka 1944 alihamia katika idara ya wanyama. Kuanzia 1946 alifanya kazi katika ofisi ya serikali mjini Tanga, na mwaka 1952 akahamia katika ofisi ya upimaji wa ardhi, ambako alikaa hadi karibu na mwisho wa muongo huo. Alifariki Juni 1962, miezi michache tu baada ya uhuru wa Tanganyika. Kwa hiyo miaka aliyoishi kama mwandishi asiye na mwajiri ilikuwa michache mno.

Orodha hii ya idara huweza kupitwa haraka kama utangulizi wa kawaida wa wasifu. Hata hivyo, inafaa kuulizwa kazi hizo zilikuwa kazi za namna gani. Karani wa forodha huhesabu, huandika, hulinganisha kilichoandikwa na kilichopo, kisha hupeleka taarifa kwa mkubwa wake. Karani wa ofisi ya utawala hupokea malalamiko na maombi, huyapa nambari, huyatia katika majalada, na huyaona yakirudi yakiwa yamekubaliwa, yamekataliwa au yamenyamaziwa. Karani wa upimaji hushughulika na mipaka ya ardhi ambayo si yake. Katika nafasi zote hizo Mwafrika aliyesoma alikuwa mtu wa katikati. Alijua mengi kuhusu mwendo wa dola, lakini hakuamua lolote. Alikuwa kalamu ya uamuzi wa wengine.

Baada ya saa za kazi kulikuwa na kazi ya pili. Tangu miaka ya 1930 mashairi yake yalionekana katika Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanzishwa mwaka 1923. Diwani yake, Pambo la Lugha, ilichapishwa Johannesburg mwaka 1947. Maisha Yangu ilitoka 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952, na Kielezo cha Insha, tena Johannesburg, 1954. Barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge, ambazo zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na TUKI mwaka 2002 kwa jina la Barua za Shaaban Robert 1931-1958, zinaiweka kazi hii ya pili mahali pake halisi. Uandishi unatajwa humo bega kwa bega na mambo ya jamaa, afya na fedha. Msomaji wa barua hizo hakutani na sanamu ya bingwa. Anakutana na mtumishi mwenye jamaa ya kulisha, ambaye miswada yake inasafiri kwa posta kwenda kwa watu wa mbali wenye mamlaka ya kuikubali au kuikataa. Kwa maneno mengine, hata katika fasihi Shaaban Robert alikuwa mwombaji anayengoja jibu.

Kutoka Utenzi hadi Nathari

Inafaa kukumbuka jinsi uwanja wa nathari ya Kiswahili ulivyokuwa mchanga wakati huo. James Mbotela alikuwa ametoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Zilikuwapo tafsiri, na zilikuwapo hekaya za Alfu Lela u Lela. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuwa ikisanifisha lugha na kupitisha vitabu vya shule. Mshairi aliyetaka kuandika hadithi ndefu ya kubuni hakuwa na jadi ya riwaya ya Kiswahili nyuma yake. Alilazimika kuijenga kwa zana alizokuwa nazo tayari.

Zana kubwa kati ya hizo ilikuwa utenzi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru, wenye beti zipatazo 3,000, ambao ulichapishwa kama kitabu mwaka 1967. Kwa mkabala wa makala haya, utenzi huo ni zaidi ya mnara wa ushairi. Ni shule ya usimulizi. Mtunzi aliyekuwa pwani ya Tanganyika hakuviona viwanja vya vita vya Ulaya na Asia. Vita vilimfikia kama habari. Kazi yake ikawa kuzipanga taarifa za mbali katika beti za vipande vinne, mizani minane kila kipande, na kina cha bahari kikizifunga beti zote pamoja. Hapo ndipo alipojifunza kusimulia tukio baada ya tukio bila kuupoteza uzi, na kumweka msikilizaji mbele ya mambo ambayo msimulizi mwenyewe ameyapokea kwa njia ya wajumbe.

Kuna jambo jingine linalopaswa kuzingatiwa kuhusu neno "kwanza". Kusadikika ilitangulia kuchapishwa, lakini Kufikirika, iliyotoka baada ya kifo cha mwandishi, iliandikwa mwaka 1946. Riwaya hizo mbili zina mfumo unaofanana. Katika Kufikirika mfalme asiye na mtoto anaita waganga wa aina mbalimbali, na kila kundi linajaribu maarifa yake kwa zamu. Katika Kusadikika wajumbe wanatumwa pande mbalimbali za ulimwengu, na safari ya kila mmoja inasimuliwa kwa zamu. Mfanano huu unaonyesha kuwa marudio hayakuwa ajali ya mwandishi asiyejua kusuka hadithi. Ni mbinu aliyoichagua zaidi ya mara moja.

Beti Sita za Kusadikika

Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Humo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya uanasheria. Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia habari za wajumbe sita, ambao ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Kila mjumbe alitumwa nchi ya mbali, akapata taabu njiani, akarudi na maarifa ambayo yangeifaa nchi yake, na badala ya shukrani akatupwa kifungoni. Mwishoni Karama anashinda kesi, na wajumbe wanafunguliwa.

Mhakiki anayetafuta msuko wa kupanda na kushuka atachoka ifikapo safari ya tatu, maana anajua tayari kitakachotokea. Lakini msikilizaji wa shairi hachoshwi na kibwagizo kwa sababu tu anakijua. Hukingoja. Kila ubeti wa shairi huleta hoja mpya katika mishororo ya mwanzo, kisha hurudi katika mshororo wa mwisho ambao haubadiliki, na kila mara mshororo huo husikika mzito kuliko mara iliyotangulia, kwa kuwa sasa umebeba beti zote zilizopita. Safari za Kusadikika zimejengwa hivyo. Kinachobadilika ni nchi iliyotembelewa na maarifa yaliyopatikana. Kisichobadilika ni gereza. Kifungo cha mjumbe wa kwanza kinaweza kudhaniwa kuwa kosa la siku moja. Kifungo cha sita ni sera. Maana hii isingepatikana kwa safari moja iliyosimuliwa kwa urefu, hata kama mjumbe wake angepewa nafsi ya kina. Ilihitaji hesabu, na hesabu ndiyo elimu ya ubeti.

Ndiyo elimu ya ofisi pia. Jalada lenye taarifa sita zilizoishia pabaya kwa namna moja si masimulizi tu, ni ushahidi. Karani hujua jambo ambalo mkubwa wake huenda asilijue, kwa kuwa mkubwa huliona kila shauri peke yake, ilhali karani huyaona mashauri yote kwa mfululizo. Utetezi wa Karama umejengwa juu ya ujuzi wa aina hii. Haleti shahidi mgeni wala hadai ufunuo wowote. Anaikumbusha Kusadikika historia yake yenyewe, habari za watu waliotumwa na dola na kuadhibiwa na dola ileile. Anachokifanya ni kuyatoa mashauri sita mahali yalikosahauliwa na kuyasoma kwa mfuatano mbele ya baraza. Majivuno ana cheo na ufasaha. Karama ana kumbukumbu.

Kwa mintarafu hii, hata kosa analoshitakiwa Karama linapata maana mahsusi. Hakushitakiwa kwa uasi wa silaha. Ameshitakiwa kwa kutaka watu wafundishwe namna ya kutetea na kutetewa. Katika dola ambamo maombi hupokelewa lakini hayajibiwi, mtu anayewafundisha raia sarufi ya maombi ni wa hatari kweli. Karani aliyefanya kazi upande wa ndani wa dirisha la ofisi angelielewa jambo hili mapema kuliko mwingine yeyote.

Msamiati wa Ombi

Suala la majina linahitaji kutazamwa upya. Imezoeleka kusemwa kuwa Shaaban Robert huwapa wahusika wake majina ya sifa, na kwamba kufanya hivyo huwanyima uhai. Ni kweli kwamba Majivuno hawezi kuwa ila majivuno. Lakini majina ya wajumbe sita hayakuokotwa ovyo katika ghala la maadili. Buruhani ni hoja au ushahidi ulio wazi. Fadhili ni hisani. Kabuli ni kukubaliwa. Auni ni msaada. Ridhaa ni idhini itolewayo kwa moyo. Amini ni mwenye kuaminika. Yakisomwa pamoja, haya si majina ya fadhila kwa jumla kama vile ushujaa, subira au ukarimu. Ni maneno ya barua ya maombi: mwandikaji anatoa ushahidi, anaomba hisani, anatumaini kukubaliwa, anataka msaada, anangoja ridhaa, na anajitambulisha kuwa mwaminifu.

Iwapo usomaji huu unakubalika, basi gereza la Kusadikika limejaa kitu kingine zaidi ya watu sita. Lugha nzima ya kumwendea mwenye mamlaka imefungwa humo. Dola iliyomfunga Buruhani imeufunga ushahidi, na iliyomfunga Ridhaa haina tena namna ya kupata ridhaa ya wale inaowatawala. Istiari imebebwa na majina yenyewe, wala haikuhitaji maelezo ya msimulizi. Hapo ubapa wa wahusika ni njia ya kusema jambo ambalo mhusika mwenye nafsi ya kina asingeweza kulisema.

Mkondo huu unaendelea katika Adili na Nduguze, ingawa chanzo chake ni hekaya ya Alfu Lela u Lela. Mfalme Rai wa Ughaibu anagundua kuwa kodi ya Janibu haijafika, na Ikibali anatumwa kwa liwali Adili kwenda kuiulizia. Safari hiyo ya kikazi ndiyo inayofichua siri ya manyani wawili wanaopigwa kila usiku, ambao kumbe ni Hasidi na Mwivu, nduguze Adili. Maajabu ya hekaya yanaingia kupitia mlango wa hazina, kwa hitilafu katika hesabu. Mwandishi hakukibuni chanzo hicho, lakini si vigumu kuona kwa nini miongoni mwa hekaya nyingi za mkusanyiko ule hii ilimfaa mtu aliyewahi kukaa forodhani miaka 18.

Mipaka ya Rufaa

Hata hivyo, lipo swali ambalo wasomaji wa Kusadikika hawana budi kulikabili. Wasomi wengi wameiona riwaya hii kama fumbo dhidi ya ukoloni, na fumbo hilo lina mashiko: mtumishi wa serikali aliyeandika katika miaka ya 1940 na 1950 asingeweza kusema wazi, na nchi inayoelea angani haina mkuu wa wilaya wa kukasirika. Lakini fumbo hilo linaishia wapi? Linaishia barazani. Karama anashinda kwa sababu mfalme anasikia, anapima na kuhukumu kwa haki. Majivuno anashindwa, ila kiti cha enzi hakitikisiki. Wajumbe wanatoka kifungoni kwa amri ileile ya juu ambayo chini yake walifungwa.

Huu ndio mpaka wa karani. Imani yake kuu ni kwamba uovu uko katika ngazi ya kati, kwa Waziri aliyezuia taarifa isifike, na kwamba jalada likifunguliwa na kusomwa mbele ya mkubwa wa wakubwa, haki itatendeka. Rufaa ni silaha yenye heshima, lakini inamthibitisha hakimu katika kiti chake hata inapoishinda hukumu. Msomaji wa leo anaweza kuuliza ingekuwaje kama mfalme angekataa kusikia siku ya sita kama baraza lilivyokataa kwa wale sita. Riwaya haina jibu, maana muundo wake wote umeegemea juu ya dhana kwamba mwisho wa kibwagizo upo, na kwamba yupo mwenye uwezo wa kuukata.

Njia nyingine inajitokeza katika Utubora Mkulima, iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo cha mwandishi. Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima Busutamu. Hamshitaki mtu wala haombi hukumu ya mtu. Anaondoka. Ikiwa Karama ni karani aliyeamua kusema, Utubora ni karani aliyeamua kuacha. Kati ya hao wawili pana uchungu usiosemwa wazi na yeyote kati yao: utumishi mwema unaweza kumla mtu maisha yake yote, na malipo yake yakawa ruhusa ya kwenda zake. Wala si jambo la kupuuza kwamba mwandishi mwenyewe, mwishoni mwa miaka ya 1950, alianza kuvichapisha baadhi ya vitabu vyake Tanga bila kungoja tena ridhaa ya wachapishaji wa mbali.

Huenda ikapingwa kwamba usomaji wa aina hii unaipunguza riwaya kuwa kivuli cha maisha ya mtunzi wake. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu iwapo ingedaiwa kuwa Karama ni Shaaban Robert na Kusadikika ni Tanganyika. Hilo halidaiwi hapa. Kinachodaiwa ni kwamba kazi aifanyayo mtu kila siku humpa mazoea ya kupanga mambo, na kwamba mazoea hayo huingia katika sanaa kama umbo kabla hayajaingia kama maudhui. Seremala akiandika riwaya, yafaa kutazamwa viungo vyake kabla ya kutafutwa meza katika hadithi yake.

Hitimisho

Kusadikika si riwaya ya kihalisia iliyoshindikana. Ni riwaya iliyotungwa na mshairi aliyejua nguvu ya mshororo unaorudi, na na karani aliyejua uzito wa jalada linalorundikana. Marudio yake ni hoja, na majina yake ni msamiati wa ombi lililonyimwa. Udhaifu wake halisi haupo pale ulipotafutwa mara nyingi, yaani katika wahusika na msuko. Upo katika matumaini yake kwa msikilizaji aliye juu.

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuwapanga watunzi katika safu mbili, washairi na wanariwaya, na kuwapa wanafunzi kila safu kwa somo lake. Euphrase Kezilahabi, ambaye mwenyewe alikuwa mshairi na mwanariwaya, alimtafiti Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya katika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976. Kazi inayobaki ni kuziondoa kuta kati ya madarasa hayo, na kuongeza swali ambalo halijapewa nafasi ya kutosha: mtunzi huyu alikula kwa kazi gani, na kazi hiyo ilimfundisha kusimulia vipi? Swali hilo linafaa kuulizwa kuhusu walimu, mabaharia, makadhi na waandishi wa magazeti ambao, kwa sehemu kubwa, ndio waliojenga fasihi hii. Wengi wao hawakuwa na wakati wa kuwa wasanii tu. Waliandika usiku, wakaenda kazini asubuhi, na alama ya asubuhi hiyo imebaki katika kurasa zao.